Kadi kwenye Rafu ya Mbele

Kitabu kilirudi baada ya siku mbili. Nilishtuka kabla hata mzee hajafungua mdomo, maana kitabu cha kurasa zaidi ya mia nne hakimalizwi kwa siku mbili na mtu mwenye mgonjwa nyumbani. Alikiweka mezani taratibu, jalada likitazama chini, akasema, "Mwanangu, hiki kimenishinda. Kila nikifungua, kuna mtu anakufa."

Mara ya kwanza alikuwa amesimama hapo hapo dawatini, kofia ameishika kwa mikono miwili. "Mke wangu ameambiwa ana saratani," alinieleza. "Naomba kitabu." Sikumwuliza kitu. Niliinuka nikaenda moja kwa moja kwenye rafu namba 616, ndiko maktaba zinazofuata mpango wa Dewey, wa kupanga vitabu kwa namba za mada, zinakoweka vitabu vya magonjwa, nikamletea kile nilichokipenda kuliko vyote katika sehemu ile: historia ndefu ya ugonjwa wenyewe, iliyoandikwa kwa ustadi mkubwa. Kwenye rafu yetu ya mbele kilikuwa na kadi niliyoiandika kwa mkono wangu, ikisema hakuna kitabu cha saratani nilichowahi kusoma kinachokifikia. Kila neno la kadi ile nililiamini, na naliamini mpaka leo. Lakini ilikuwa kadi iliyonihusu mimi, nilivyokisoma mimi, usiku nikiwa na afya yangu na nyumba imetulia. Mzee hakuwemo humo.

Rafu yenyewe ni kitu kidogo. Iko hatua chache kutoka mlangoni, ina ngazi tatu, na juu yake tumebandika karatasi: "Tulivyosoma na Kuvipenda." Kila mfanyakazi, kuanzia mkuu wetu hadi anayepokea vitabu vinavyorudishwa, huchagua kitabu kimoja kisicho cha kubuni kilichotoka miaka ya karibuni, akakisimamisha jalada likionekana na kuchomeka kadi nyeupe ya mistari mitano. Tuliianzisha kwa sababu vitabu vya ukweli hupotea. Riwaya zina bahati: zote hukaa pamoja, zimepangwa kwa jina la mwandishi, na mpenzi wa riwaya anaweza kutembea kutoka A hadi Z akijua yuko kwao. Vitabu vya ukweli vimetawanywa katika mafungu kumi tangu Melvil Dewey alipochapisha mpango wake mwaka 1876. Mpango ni mzuri kwa anayejua anachokitafuta. Lakini chukua vitabu vya moto wa msituni: kimoja utakikuta kwenye 363, pamoja na majanga na huduma za usalama; kingine kwenye 634, jirani na miti ya matunda. Mtu anayeingia akisema tu, "Nataka kitu cha kweli, kizuri, cha kusoma jioni," aanzie wapi?

Basi rafu ya mbele ilikuwa jibu, na mwanzoni niliona tumelipatia. Kadi zangu za siku zile nimezihifadhi kwenye droo. "Kizuri sana." "Kinagusa moyo." "Lazima ukisome." Nikizisoma leo siwezi kujua ipi ilikuwa ya kitabu gani.

Aliyenifungua macho, baada ya mzee yule, ni mwenzetu anayerudisha vitabu rafuni. Yeye hamwulizi msomaji chochote. Anakisoma kitabu kilichorudi. Siku moja aliniita kwenye kigari chake, akachukua kitabu nilichokuwa nimekisifia kwa miezi kadhaa, akakifunga, akakigeuza ubavu nione kingo za kurasa. Kipande cha kwanza, karibu theluthi, kilikuwa kimeshika rangi ya vidole, kijivu, kurasa zimelegea. Kuanzia hapo mpaka mwisho karatasi zilikuwa nyeupe na zimebana kama zilivyotoka kiwandani. Alipokifungua penye mpaka wa rangi mbili zile, kulikuwa na kikaratasi cha tarehe ya kurudisha kilichosahauliwa humo, na mbele kidogo kurasa mbili zilizokunjwa pembe, moja juu, moja chini, mikono ya watu tofauti. "Wote wanashukia kituo hiki hiki," aliniambia.

Kitabu hicho kilikuwa kimeazimwa mara nyingi, na kwenye taarifa zetu za mwezi nilikihesabu kama ushindi. Nilirudi nyumbani nikasoma tena sura waliyoishia. Ni kweli: mwandishi anaacha watu wake, anaingia kwenye hoja za kitaalamu na majedwali kwa kurasa arobaini na kitu, kisha hadithi inarudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Mimi nilipita hapo kwa sababu kazi yangu imenizoeza kuvumilia. Nilibadilisha kadi, nikaandika: "Sura ya tano ni nzito. Ukichoka, iruke bila wasiwasi, watu uliowapenda wanakusubiri sura ya sita." Miezi iliyofuata, yule mwenzangu alinionyesha tena kingo. Rangi ya kijivu ilikuwa imesogea.

Tangu hapo najua kwamba mstari wenye kazi kubwa kwenye kadi ni ule unaosema kitabu kinachosha wapi, au hakimfai nani. Wenzangu wengine waliuogopa, wakiona kama tunakitia kitabu kasoro mbele za watu. Ila nimeona kwa macho yangu msomaji akisimama mbele ya rafu, akipita kadi tatu za sifa tupu, akanyanyua kile kilichoandikwa "usikichukue kama una haraka." Akijua unamwambia na ubaya, anakuamini unapomwambia uzuri.

Kanuni nyingine tuliipata kwa aibu. Mmoja wetu (sitaki kumtaja, na sote tungeweza kuwa yeye) aliweka kadi kwenye kitabu alichokisoma nusu. Nusu ya pili kulikuwa na simulizi ya ukatili dhidi ya mtoto, imeelezwa kwa kina, na aliyekichukua kwa sababu ya kadi ile alirudi akitetemeka. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Mlijua?" Toka siku ile hakuna kadi inayochomekwa kabla ya ukurasa wa mwisho kusomwa, tanbihi zikiwemo.

Msomaji, kwa upande wake, tunamwacha huru kabisa. Nancy Pearl, mkutubi wa Marekani aliyeanzisha Seattle mwaka 1998 mpango wa mji mzima kusoma kitabu kimoja, ana kanuni ninayoipenda na ambayo huwa naitaja dawatini: soma kurasa 50, kisipokushika kiache. Na ukivuka umri wa miaka 50, toa umri wako kwenye 100, jibu ndilo idadi ya kurasa za kukipa kitabu nafasi kabla ya kukiacha. Nilimweleza mama mmoja wa miaka 72. Alipiga hesabu kimya, midomo ikicheza. "Kwa hiyo mimi ni kurasa ishirini na nane tu?" Alicheka, akarudisha vitabu viwili alivyokuwa amevibeba kama deni tangu mwezi uliopita.

Pearl huyo huyo anasema msomaji huingia kitabuni kwa mlango mmoja kati ya minne: hadithi, wahusika, mandhari, au lugha. Nilipoisoma hoja hiyo niliona ni ya riwaya. Mwenzangu wa meza ya marejeo ndiye aliyenionyesha inavyofanya kazi kwenye vitabu vya ukweli. Alikuwa amechagua Fire Weather cha John Vaillant, kilichoshinda Tuzo ya Baillie Gifford mwaka 2023. Kadi yake ya kwanza ilianza na maneno "mabadiliko ya tabianchi na sekta ya mafuta." Maneno ya kweli, na kitabu kilikaa hapo majuma matatu, hakuna aliyekigusa. Akaichana, akaandika upya: "Mei 2016, Kanada. Watu wapatao 88,000 wanaondoka mji wa Fort McMurray mchana mmoja, moto ukiwa pande zote mbili za barabara." Kiliondoka siku ile ile, akaanza kuandika majina ya wanaosubiri. Kitabu ni kile kile. Alichobadilisha ni mlango. Ukishaingia kwa hofu ya ile barabara, mwandishi mwenyewe atakupeleka kwenye mafuta na hewa ya dunia, na utakwenda naye. Mwishoni mwa kadi aliongeza kwamba historia ya lami na uchimbaji mwanzoni inataka subira kidogo. Hilo nalo lilisaidia.

Mimi nilichagua Everything Is Tuberculosis cha John Green, cha mwaka 2025. Niliandika hivi, na ndiyo kadi ninayoionea fahari zaidi: "Kwa anayedhani kifua kikuu ni ugonjwa wa mababu. Robert Koch alitangaza bakteria wake mwaka 1882. Dawa zipo tangu karne iliyopita. Mwaka 2023 bado uliua watu wapatao milioni 1.25, na mwandishi anauliza kwa nini, akimfuata kijana mmoja aliyelazwa Sierra Leone. Ni kifupi. Usikitafutie maelekezo ya matibabu. Kwa hayo njoo dawatini." Nilichokuwa sikukitarajia ni vijana. Green wanamfahamu kwa riwaya zake, wakaona jina lake, wakakichukua, na kwa mara ya kwanza nikaona watoto wa shule wakiinama kwenye rafu ya 616, wakitafuta kilicho jirani yake. Binti mmoja aliniuliza kama kuna kitabu kama hicho cha malaria.

Kuna swali moja linalonichoma kila linaponifikia. Kadi zetu tunaziandika kwa Kiswahili, na mtu akishaisoma, akavutiwa, anageuza kitabu nyuma na mbele kisha ananiuliza, "Na chenyewe kipo kwa Kiswahili?" Mara nyingi sana jibu ni hapana. Vitabu vipya vya ukweli vya sayansi, afya na historia vinavyotafsiriwa kwetu ni vichache mno ukilinganisha na hamu ninayoiona pale mbele. Siku nyingine nimekaa na msomaji pembeni, nikamsomea ukurasa mmoja kwa kuutafsiri papo hapo, nikitafuta neno huku yeye ananisaidia. Msomaji anayekusaidia kutafuta neno huyo ameshaingia kitabuni.

Turudi kwa yule mzee.

Aliposema kila akifungua kuna mtu anakufa, nilitamani ardhi inimeze. Nilimwomba radhi. Kisha nikamwuliza nilichopaswa kumwuliza siku ya kwanza, na nilikitafuta kwa uangalifu, kwa sababu sisi hatuna haki ya kuchimba maisha ya mtu. Anachosoma ni siri yake, na kwa nini anakisoma ni siri zaidi. Swali linatakiwa liwe juu ya kitabu. Nikasema, "Baba, ungependa kitabu cha kukufahamisha ugonjwa, au cha kukaa nawe tu?"

Alifikiri kidogo. "Daktari ananifahamisha," alijibu. "Usiku mwenzangu halali, na mimi silali. Nataka kitu cha kushika."

Nikamtafutia kitabu kingine, kumbukumbu za mtu aliyemuuguza mwenzake kwa miaka mingi, kimeandikwa kwa upole, sura fupifupi. Nilijisikia nimepata. Swali lile la kufahamishwa au kusindikizwa nikaanza kulitumia kwa kila mtu, na kweli lilisaidia. Aliyefiwa, aliyeachika, aliyeambiwa mtoto wake ana usonji, aliyeachishwa kazi: wengine wanataka taarifa zilizopangwa vizuri, fahirisi nyuma, warudi kwenye ukurasa wanaouhitaji. Wengine wanataka sauti ya mtu aliyepita njia hiyo. Kumpa wa kwanza kitabu cha wa pili ni kumpotezea wakati, na S. R. Ranganathan wa India, aliyeandika sheria tano za ukutubi mwaka 1931, aliweka sheria ya nne nzima kwa hilo: okoa muda wa msomaji. Niliwafundisha wenzangu swali langu, likawa desturi yetu.

Majuma matatu baadaye mzee alirudi. Kitabu cha pili alikuwa amekimaliza, niliona kwenye kingo. Nikamsalimu, shikamoo, akaitikia, akakaa kwenye kiti cha pembeni ya dawati kama mtu aliyekuja kwa mazungumzo.

"Kizuri," alisema. "Kimenisaidia. Lakini jana mwenzangu aliniuliza, unasoma nini? Nikashindwa kumwambia. Nikakifunga."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba swali langu lilikuwa na chumba cha mtu mmoja tu. Nilimwuliza yeye anataka nini, nikamjibu yeye. Sikuwaza kwamba kitabu kinalala kwenye meza ya kitanda, jalada juu, na kwamba kuna mtu mwingine anayekitazama usiku kucha.

"Sasa nipe kitu," aliendelea, "ninachoweza kumsomea kwa sauti. Kisiwe cha hospitali. Zamani alikuwa anapenda wanyama."

Kwenye rafu ya mbele, ngazi ya chini, kulikuwa na An Immense World cha Ed Yong, cha mwaka 2022. Alikiweka mwenzetu wa chumba cha watoto, na kadi yake ilisema: "Kila mnyama anaishi katika dunia anayoihisi yeye. Humu kuna ya mbwa, ya kombe wa baharini mwenye macho mengi, ya ndege anayehisi sumaku ya dunia. Fungua popote, soma ukurasa mmoja." Mstari huo wa mwisho ndio ulionifanya niiname. Kwa watu wawili wasiolala, kitabu kinachosomeka kwa vipande kilikuwa kile hasa. Nilimfungulia sura ya kwanza, penye harufu, palipoelezwa jinsi pua ya mbwa ilivyopasuka pembeni: pumzi inayotoka hupitia kwenye mipasuko ile, hivyo haiifukuzi harufu iliyo mbele, inazidi kuivuta. Mzee alisoma aya ile kwa kidole, polepole, midomo ikitamka. Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Alikuwa mwalimu, alinieleza. Akairudia aya kwa Kiswahili, kwa sauti ya darasani, kana kwamba anajaribu itakavyosikika. "Atapenda hii," alisema.

Tulivyozungumza na wenzangu jioni ile, mwenzetu wa chumba cha watoto alisema jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: kwake yeye, kila kitabu anachopendekeza hupimwa kwa sauti, kwa kuwa mtoto husomewa. Sisi wa watu wazima tunadhani kila msomaji yuko peke yake. Tukaongeza alama kwenye kadi, mdomo mdogo uliochorwa kwa kalamu nyekundu, kwa vitabu vinavyosomeka vizuri kwa sauti. Kwa sasa ni vinne tu vyenye alama hiyo. Kuvipata ni kazi, maana inabidi kweli usome kwa sauti, na sentensi nyingi zinazopendeza machoni hukukata pumzi mdomoni.

Mzee aliongeza muda wa kitabu mara tatu. Mfumo wetu unaruhusu mara mbili. Ya tatu mkuu wetu aliiidhinisha mwenyewe bila kuuliza maswali, ingawa tayari kuna mtu mwingine aliyekuwa anakisubiri. Mtu huyo tulimwazimia nakala kutoka maktaba nyingine. Mara hiyo ya tatu mzee hakuja na kofia mkononi, alikuwa ameivaa. Nikamwuliza habari za nyumbani, akasema hawajambo, wanasukuma siku. Sikuendelea hapo. Nikagonga mhuri wa tarehe mpya, nikamwuliza wamefika wapi.

"Kwa popo," alinijibu. "Sura ya tisa. Jana alinikatiza, akaniambia nirudie pale wanapopiga kelele gizani na kusikiliza mwangwi. Nimerudia mara mbili."

Akakitia kitabu kwapani, akaenda zake.